Somo: Kuomba kwa unyenyekevu na kutoa mahitaji kwa Kiingereza

Barua nyingi za maombi hapa Uganda huandikwa kwa Kiingereza, na anayefikiri kwa Kiswahili hufika mezani na kitenzi kimoja tu, kuomba, ilhali Kiingereza kinamtaka achague.

Hatua ya kwanza: pima uzito wa ombi. "Ask" ni la kila siku na "request" ni la ofisini. "Beg" lina sura mbili, ya ombaomba wa barabarani na ya adabu ya barua za kizamani, kama "I beg to submit". "Entreat" ni kusihi. "Beseech" ni kusihi kuzito zaidi, kunakosikika hasa katika sala na katika Biblia ya King James ya 1611. Wakati uliopita huwa "besought". "Implore" limetoka katika neno la Kilatini la kulia, hivyo linamfaa aliyekwisha kukosa njia nyingine. Kijiji kinachotaka kisima chake kitengenezwe kiandike "request". "Implore" lisubiri siku watu watakapoanza kuugua kwa maji ya bwawani.

Hatua ya pili: ondoa "for" isiyo na kazi. "We request for a borehole" husikika kila mahali nchini, lakini Kiingereza sanifu husema "we request a borehole". "For" hurudi pale "request" linapokuwa nomino: "our request for a borehole".

Hatua ya tatu: maneno ya kutoa. Kiswahili husema "kuipatia shule madawati" bila kihusishi, na ndiyo maana tunaponyoka na kuandika "provide the school desks". Andika "provide the school with desks". "Supply" na "furnish" hufuata mtindo huohuo. "Furnish" si la fanicha pekee, kwani ofisi ikikuandikia "furnish us with particulars" inataka maelezo. Katika sheria yetu ya ununuzi wa umma ya 2003, "supplies" ni bidhaa, na "provider" hujumuisha hata mkandarasi na mshauri.

Maswali ya wanachama

Jinja: Je, "supplicate" na "supply" ni ndugu?
Hapana. La kwanza lina asili ya kupiga magoti, la pili ya kujaza kilichopungua. "Supplicate" halifai katika barua ya ofisini.

Mbale: "Humbly request" si kujidhalilisha?
Mwalimu akimwomba mkubwa wake ruhusa, ni heshima ya kawaida, mradi aliandike mara moja. Ila unapodai malipo ya kazi uliyokwisha kuifanya, liache kabisa, kwa maana hapo unadai haki yako.

Arua: Kwa nini hati za mahakama zina "pray"?
Ni matumizi ya kale ya kuomba. Mdai "prays for" nafuu fulani, na nafuu hizo huitwa "prayers". Ukizikuta mwishoni mwa hati ya madai, usitafute sala.