Kuwatambua mabata wa Mto Thames, pamoja na machotara wao

Anayeanza kuangalia mabata hukimbilia rangi, na rangi ndiyo inayomchanganya. Mimi hutazama umbo kwanza, kisha mdomo, kisha mkia, kisha namna anavyokula. Rangi ya manyoya naiacha mwisho. Nitaeleza kwa mabata wa Thames, kati ya Kew na Teddington, magharibi mwa London. Huko ndiko ninakopita nikitoka zamu ya usiku, na machotara hawakosekani.

Anza kati ya Novemba na Machi. Majira hayo madume wamevaa manyoya yao mazuri na wanatafuta majike, kwa hiyo hujionyesha. Ukianza Julai utakata tamaa bure, maana madume hunyonyoka, wakafanana na majike, na kwa wiki kadhaa hata kuruka hawawezi.

Halafu angalia jedwali la kujaa na kupwa kwa maji. Hadi Teddington mto huu hujaa na kupwa, na sisi tuliokulia pwani hatuhitaji kufundishwa maana yake. Maji yakipwa, upande wa Kew na Isleworth matope hubaki wazi na mabata hushuka ukingoni kula. Hapo unaona miguu, tumbo na urefu wa shingo, vitu ambavyo bata anayeelea huvificha. Siku za bamvua, maji yanapojaa kupita kawaida, njia ya kando ya mto pale Richmond hufunikwa na maji, basi vaa mabuti. Darubini ya 8x42 inatosha kabisa: inakuza mara nane, na lenzi zake za mbele zina upana wa milimita 42, kwa hiyo huingiza mwanga wa kutosha hata asubuhi ya mawingu. Jua liwe mgongoni kwako.

Sasa, kabla ya bata mwingine yeyote, mjue mmoja vizuri: bata kichwa-kijani, kwa jina la kisayansi Anas platyrhynchos. Dume ana kichwa cha kijani kinachong'aa (mwanga ukigeuka utaona zambarau), pete nyeupe shingoni, kifua cha kahawia iliyoiva, ubavu wa kijivu na mdomo wa manjano. Juu ya mkia ana manyoya meusi yaliyojikunja. Jike ni wa madoa ya kahawia, mdomo wa rangi ya chungwa wenye doa jeusi. Wote wawili wana bamba la buluu kwenye bawa, lenye mstari mweupe mbele na nyuma. Wakati wa kunyonyoka mdomo wa dume hubaki wa manjano, na huo ndio utakaokuokoa. Sikiliza pia: yule anayepiga kelele kubwa ni jike. Sauti ya dume ni ndogo na ya kukwaruza.

Kwa nini huyu kwanza? Kwa sababu karibu mabata wote wa kufugwa wa Ulaya wametokana naye, na wakitoroka au wakiachwa mtoni huzaa naye tena bila shida. Machotara wengi utakaowaona ni wa namna hiyo. Dalili ya kwanza ni kifua cheupe, kama mtoto aliyefungwa bibu. Nyingine ni mwili mkubwa na tumbo zito linalozama nyuma, mwili wote kuwa mweusi au wa kahawia tupu, kishungi cha duara kisogoni, au kusimama wima kupita kawaida. Tazama mkia: dume akiwa na manyoya yaliyojikunja, damu ya kichwa-kijani imo, hata awe mweupe mwili mzima. Mimi husisitiza sana mkia huo.

Usimchanganye na yule bata mzito mwenye nyama nyekundu usoni, tunayemfuga sana nyumbani. Huyo ni Cairina moschata, asili yake Amerika, na dume wake hana mkunjo mkiani. Akizaa na kichwa-kijani, watoto kwa kawaida huwa tasa.

Machotara wa spishi mbili za porini ni adimu, na hapo ndipo moyo wangu ulipo. Mtafute bata wa kijivu, Mareca strepera: dume ana mdomo mweusi, makalio meusi tii, na kipande cheupe kwenye bawa. Akichanganyika na kichwa-kijani, dume chotara huwa na mashavu ya manjano hafifu, utepe wa kijani nyuma ya jicho, na mara nyingine mkunjo mkiani juu ya mwili wa kijivu. Audubon, mchoraji wa ndege wa Marekani, alimchora bata wa namna hii katika miaka ya 1820 akidhani huenda ni spishi mpya, akampa jina la rafiki yake Brewer.

Kwa mabata wanaozamia mwili mzima, tazama kichwa na jicho. Aythya fuligula ana kishungi kinachoning'inia na jicho la manjano. Aythya ferina ana kichwa chekundu-kahawia, mgongo wa kijivu na jicho jekundu. Chotara wao hubeba kishungi kifupi, mgongo wa kijivu cha wastani na jicho la chungwa.

Utawakuta pia bata bukini wa Misri, walewale wa Manyara na Naivasha, wenye doa la kahawia kuzunguka jicho. Waliletwa Uingereza karne ya 17 kupamba mabwawa ya matajiri, na leo ni wenyeji.

Ukiwa Afrika Mashariki njia ni ileile. Anza na bata mdomo-manjano, Anas undulata, ndugu wa kichwa-kijani. Huko Afrika Kusini kichwa-kijani aliyeletwa na watu anazaa naye, na watoto wanazaa, kwa hiyo damu ya mwenyeji inachujuka kizazi hadi kizazi. Ndiyo maana nakuomba sana: bata wa kufugwa usimwachie mtoni, hata kwa huruma.

Ukimpata unayemshuku, piga picha ya ubavu, mdomo kwa karibu, makalio, na bawa likiwa wazi. Subiri ajinyooshe, hachelewi. Andika tarehe, hali ya maji na mabata aliofuatana nao. Mkate usitupe, kwani wote wataparamia na hutaona tena nani anakula vipi. Na ukishindwa kuwajua wazazi, andika dalili ulizoziona tu, bila kubahatisha jina, kisha rudi maji yakipwa tena, kwa sababu chotara aliyezoea sehemu moja mara nyingi hukaa hapo majira yote ya baridi.