Bajeti ya umeme ya kyubusati: anza na dakika 36 za giza

Wanafunzi wanaoleta mchoro wa setilaiti yao ya kwanza kwenye meza yangu ya kazi huanza kunionyesha kamera, kisha antena, na mwisho kabisa, wakiwa wamekwisha kukunja karatasi, ndipo wanapotaja betri. Mimi huwarudisha mwanzo kwa kuwauliza setilaiti yao italalia nini usiku, kwa maana setilaiti ya obiti ya chini hupata usiku zaidi ya mara 15 kwa siku moja yetu, na kila usiku mmojawapo unaweza kuwa wa mwisho. Mwongozo huu unaeleza namna ninavyopanga bajeti ya umeme ya kyubusati, yaani setilaiti ndogo ya vipimo maalumu, ya uniti moja: mchemraba wa sentimita 10 kila upande, wa aina ambayo Jordi Puig-Suari na Bob Twiggs waliibuni huko California mwaka 1999. Unahitaji kikokotoo, lahajedwali, na uvumilivu wa kupima kila bodi kwa mkono wako mwenyewe.

Nimechukua obiti ya kilomita 400 kwa sababu ndiyo ambayo kyubusati kadhaa za ukanda wetu zilianzia. 1KUNS-PF ya Chuo Kikuu cha Nairobi iliachiwa kutoka Kibo, moduli ya Japani kwenye Kituo cha Kimataifa cha Anga za Juu, tarehe 11 Mei 2018. RWASAT-1 ya Rwanda ilipitia mlango huohuo mwaka 2019, na PearlAfricaSat-1 ya Uganda ikafuata mwezi Desemba 2022. Taifa-1 ya Kenya, iliyorushwa kwa roketi ya Falcon 9 tarehe 15 Aprili 2023, ilipelekwa kwenye obiti ya aina nyingine, hivyo namba zake ni tofauti, ingawa mtiririko wa hesabu ni huu huu.

Hatua ya kwanza: hesabu urefu wa usiku

Gawanya nusu kipenyo cha dunia, kilomita 6,378, kwa umbali wa setilaiti kutoka kitovu cha dunia, kilomita 6,778. Utapata 0.941, na pembe ambayo saini yake (sine, kitufe cha sin kwenye kikokotoo) ni 0.941 ni nyuzi 70.2. Zidisha pembe hiyo kwa mbili, igawanye kwa 360, na jibu, 0.39, ndiyo sehemu ya mzunguko ambayo setilaiti huwa ndani ya kivuli cha dunia pale kivuli kinapokuwa kirefu zaidi. Mzunguko mmoja kwa kimo hicho huchukua dakika 92 na nusu, kwa hiyo usiku ni dakika 36 na mchana ni dakika 56 na nusu.

Kwa obiti iliyoinama nyuzi 51.6, kama ya Kituo cha Kimataifa, zipo siku chache katika mwaka ambapo jua huangaza obiti nzima na usiku haupo kabisa. Wanaoanza hufurahia siku hizo, lakini mimi huziandika kwenye orodha ya matatizo, kwa sababu setilaiti isiyopata kivuli haipati nafasi ya kupoa. Bajeti ya umeme hupangwa kwa usiku mrefu kuliko wote. Hesabu ya joto hupangwa kwa siku zisizo na usiku.

Hatua ya pili: hesabu mavuno ya jua

Nje ya angahewa, kila mita moja ya mraba iliyoelekea jua hupokea takriban wati 1,361. Seli zinazotumika angani si zile za silikoni tunazofunga juu ya mapaa. Ni seli za tabaka tatu zenye galiamu na aseniki, ambapo kila tabaka hunasa rangi yake ya mwanga, na ufanisi wake hukaribia asilimia 30. Seli moja ya kawaida ina eneo la sentimita 30 za mraba, na upande mmoja wa kyubusati hubeba seli mbili. Ukizidisha, upande mmoja ulioelekea jua moja kwa moja hutoa wati 2.4.

Hapa ndipo kosa la kwanza kubwa hutokea. Mtu huhesabu pande tano zenye seli, huzidisha 2.4 kwa tano, na kujiona tajiri wa wati 12. Jua haliangazi pande tano kwa pamoja. Mwanahisabati Mfaransa Cauchy alionyesha kwamba umbo lisilo na mbonyeo, likigeuzwa huku na huku bila mpangilio, hutoa kivuli ambacho wastani wake ni robo ya eneo lake lote la nje. Setilaiti inayobiringika bila kuelekezwa hufuata kanuni hiyohiyo: kila upande huvuna robo ya uwezo wake, hivyo pande tano huvuna kama upande mmoja na robo, sawa na wati 3.0.

Kisha toa makato. Seli ikipata joto la nyuzi 60 za Selsiasi hupoteza takriban asilimia 8 ya nguvu inayoandikwa kwenye karatasi ya mtengenezaji, kwa kuwa karatasi hiyo hupimwa kwenye nyuzi 28. Saketi inayofuatilia nukta ya nguvu ya juu ya seli, pamoja na saketi za kurekebisha volti, nazo hula. Mimi huhesabu kwamba asilimia 85 ndiyo inayofika. Wati 3.0 zinabaki 2.35, na kwa dakika 56 na nusu za mchana zinakuwa wati-saa 2.2 kwa kila mzunguko. Huo ndio mshahara wa setilaiti yako, na hauna posho.

Hatua ya tatu: orodhesha walaji wote, kisha uwapime

Andika kila kifaa, wati zake, na muda wake kwa mzunguko mmoja. Mfano ninaotumia darasani ni huu:

Kompyuta kuu: wati 0.30 muda wote, wati-saa 0.46.
Risiva: wati 0.20 muda wote, wati-saa 0.31.
Bodi ya umeme yenyewe: wati 0.10 muda wote, wati-saa 0.15.
Vihisi vya mwelekeo: wati 0.15 muda wote, wati-saa 0.23.
Ishara ya utambulisho: wati 3 kwa sekunde moja katika kila sekunde 30, wati-saa 0.15.
Kuteremsha data: wati 3 kwa dakika 10, wati-saa 0.50.
Kamera: wati 1.5 kwa dakika 4, wati-saa 0.10.
Hita ya betri: wati 0.5 kwa dakika 36 za giza, wati-saa 0.30.

Angalia transmita kwa makini. Karatasi ya mtengenezaji husema kwamba inatoa wati 1, na mwanafunzi huandika wati 1. Hiyo ni nguvu inayotoka kwenye antena. Inayoingia kutoka kwenye betri inaweza kuwa mara tatu yake, na tofauti yote hugeuka joto ndani ya kisanduku chako. Ndiyo maana nasisitiza kupima. Weka rezista ya omu 0.1 kwenye waya unaolisha bodi, tazama volti iliyo juu yake kwa osiloskopu, na utakapoona milivolti 42 wakati transmita imewaka utajua kwamba ampia 0.42 zinapita. Mita ya kawaida haifai kwa kazi hii, kwa sababu huchukua wastani na kukuficha kilele cha ile sekunde moja.

Jumla ya orodha hiyo ni wati-saa 2.2, sawasawa na mavuno. Mtu angedhani amefunga hesabu. Hata hivyo, umeme unaopitia betri haurudi wote. Karibu sehemu moja ya kumi hupotea njiani, kwa hiyo setilaiti hii inaingia deni dogo katika kila mzunguko, na deni dogo mara 15 kwa siku huimaliza betri ndani ya siku chache.

Hatua ya nne: punguza matumizi, usiongeze seli

Wazo la kwanza la wengi ni kuongeza paneli zinazokunjuka. Mimi huanza na programu, kwa sababu haina uzito na haina bawaba ya kukwama. Setilaiti hii haiteremshi data katika kila mzunguko: kituo kimoja cha ardhini karibu na ikweta huiona kwa manufaa mara nne hivi kwa siku, basi wastani wa kuteremsha data hushuka kutoka 0.50 hadi 0.13. Ishara ya utambulisho ikitumwa kila baada ya sekunde 60 badala ya 30, inaokoa 0.08. Vihisi vya mwelekeo, ambavyo hutazama jua, havina kazi gizani; vizimwe, na 0.09 nyingine itapatikana. Ukijumlisha upya pamoja na upotevu wa betri utapata takriban wati-saa 1.77, hivyo salio ni asilimia 20 ya mavuno. Salio hilo nalitaka libaki hadi siku ya kukabidhi setilaiti, kwa sababu sijaona bodi iliyokula pungufu ya ilivyoahidi. Kagua pia mzunguko wenye mawasiliano peke yake. Katika mfano huu unafunga kwa shida, lakini unafunga.

Hatua ya tano: chagua betri kwa idadi ya usiku

Usiku mbaya kuliko wote ni ule ambao setilaiti inapita juu ya kituo chako ikiwa gizani na hita imewaka. Kompyuta, risiva, bodi ya umeme na ishara hula 0.39, hita 0.30, na kuteremsha data 0.50, jumla ni wati-saa 1.2. Betri moja ya lithiamu ya umbo la 18650 yenye miliampia-saa 2,600 hubeba wati-saa 9.4, kwa hiyo ingemudu usiku huo kwa kutoa asilimia 13 tu. Kwa nini basi nafunga mbili? Kwa sababu mwaka mmoja una usiku zaidi ya 5,500, na betri ya lithiamu ya kawaida, ikitumiwa hadi mwisho kila mara, huchoka baada ya mizunguko mia kadhaa. Kadiri unavyoikamua kidogo ndivyo inavyoishi muda mrefu. Kwa betri mbili unatumia asilimia 6 kwa usiku, na moja ikidhoofu bado unabaki na nafasi ya kupumua.

Hita nayo ina kisa chake. Katika lahajedwali langu la kwanza haikuwemo, na salio langu lilipendeza. Tulipoingiza kielelezo kwenye chemba ya ombwe na kuigiza usiku mfululizo, betri ilifika nyuzi 6 chini ya sifuri, na alfajiri ya kuigizwa ilipofika saketi ya chaji ilikataa kazi. Ilikuwa sahihi kukataa, kwa kuwa betri ya lithiamu ikichajiwa chini ya sifuri huota utando wa metali ya lithiamu ndani yake, uwezo wake hupungua moja kwa moja, na inaweza kufikia hatua ya kujifunga shoti. Tulikuwa na jua tele na betri yenye nafasi, na umeme haukuwa na njia ya kuingia. Tangu hapo hita ndiyo mstari wa kwanza ninaouandika.

Hatua ya sita: weka mipaka ya volti yenye nafasi katikati

Setilaiti iliyoishiwa ina tabia mbaya ya kujiua polepole. Jua linachomoza, betri inapata kidogo, kompyuta inaamka, inawasha transmita, volti inaporomoka, kompyuta inazimika, na mchezo unaanza upya hadi giza liingie. Dawa yake ni kuweka mipaka miwili iliyoachana. Kwa betri mbili zilizofungwa kwa mfululizo, mimi huamuru vifaa vyote isipokuwa risiva, kompyuta na hita vizimwe volti ikishuka hadi 7.2, na visiwashwe tena mpaka ifike 7.6. Mpaka wa chini kabisa, ule unaozima kila kitu, uwe kwenye saketi yenyewe na si kwenye programu, kwa sababu programu iliyoganda haiwezi kujiokoa.

Kumbuka pia kwamba setilaiti yako hukaa miezi kabla ya kuachiwa, ikiwa imefungwa na bila kuchajiwa, na masharti ya kyubusati yanakutaka usubiri dakika 30 kabla ya kukunjua antena na dakika 45 kabla ya kutuma ishara yoyote ya redio. Ipange iweze kuamka kwa jua peke yake, betri ikiwa tupu kabisa.

Hatua ya saba: iishi siku moja mezani

Unganisha usambazaji wa umeme wa maabara mahali pa paneli, uwekee kikomo cha nguvu uliyoihesabu katika hatua ya pili, kisha uuwashe kwa dakika 56 na nusu na kuuzima kwa dakika 36, kwa muda usiopungua saa 24, huku setilaiti ikifanya kazi zake zote kwa ratiba halisi. Mtu mmoja abaki na daftari, hata kama kompyuta inarekodi, na aandike volti ya betri mwishoni mwa kila usiku, kabla ya kuwasha. Sisi hubandika namba hizo ukutani kwa mkanda, moja chini ya nyingine, ili anayepokea zamu asihitaji kuuliza wala kuelezwa. Zikisimama pale pale kuanzia usiku wa tatu au wa nne, bajeti yako ni ya kweli. Zikishuka, hata kwa milivolti 5 tu kila usiku, zima, rudi kwenye hatua ya tatu, na upime upya kifaa kimoja kimoja ukianza na transmita.