Namna ya kumpendekezea mtu katuni ya shujaa kijana, na kweli akaisoma

Nilimwambia rafiki yangu, "Tafuta Ms. Marvel, anza na namba 1, utanishukuru." Hakunishukuru. Alirudi kanuna: mbona msichana huyu tayari ni maarufu, tayari yumo kwenye Avengers, kikosi cha mashujaa, na kila mtu anamjua isipokuwa mimi? Kosa lilikuwa langu. Namba 1 ziko mbili. Mfululizo ulianza Februari 2014, ukafika toleo la 19, kisha Novemba 2015 ukaanza kuhesabiwa upya kutoka 1, mwandishi akiwa yuleyule, G. Willow Wilson. Mwenzangu alishika ya pili. Tangu hapo sipendekezi katuni kwa kuisifu, ninampa mtu mlango wa kuingilia.

Hatua ya 1: Uliza anachopenda nje ya katuni

Ukimuuliza "unampenda shujaa gani?", atakutajia filamu. Muulize hadithi ya mwisho iliyomkosesha usingizi ilikuwa ya nini. Mpenzi wa siri za familia nampa Runaways, iliyoanza 2003: vijana wa Los Angeles wanagundua kwamba wazazi wao ni genge la wahalifu. Anayetaka mtaa, magenge na ubaguzi wa rangi, nampa Static ya 1993, ambamo kijana Virgil Hawkins anapata nguvu za umeme. Anayependa kucheka huku moyo unamuuma, huyo ni wa Ms. Marvel.

Hatua ya 2: Taja juzuu, usitaje toleo

Hapa ndipo wengi wanapopotea. Matoleo membamba ya kila mwezi huanza upya kuhesabiwa kila kampuni inapotaka kuvutia wateja, lakini yakikusanywa kuwa kitabu, yaani juzuu, mara nyingi hesabu inaendelea. Juzuu za Ms. Marvel za Wilson zinakwenda 1 hadi 10 bila kukatika, ingawa ndani yake namba 1 inatokea mara mbili. Kwa hiyo sema hivi: "Juzuu la 1, linaitwa No Normal." Jina la juzuu ni salama kuliko namba. (Ndilo lililopata tuzo ya Hugo mwaka 2015, lakini tuzo haijawahi kumshawishi mtu yeyote ninayemfahamu.)

Wala usidhani mwanzo wa kihistoria ndio mwanzo mzuri. Spider-Man alizaliwa 1962 kwa kisa cha kurasa 11 tu. Ninakiheshimu, ila mgeni simpeleki huko. Nampeleka Ultimate Spider-Man ya mwaka 2000, ambako kisa hichohicho kimetandazwa kwa matoleo 7, ukapata muda wa kumzoea Peter Parker wa shuleni kabla mambo hayajamharibikia.

Hatua ya 3: Simulia sentensi tatu, kisha nyamaza

Usianze na orodha ya nguvu. Anza na mtu na kinachomsumbua. Kwa Ms. Marvel mimi husema hivi:

"Kamala Khan ana miaka 16, anaishi Jersey City, wazazi wake wametoka Pakistani, na anaandika hadithi za kishabiki kuhusu Avengers. Usiku mmoja anatoroka kwenda kwenye sherehe aliyokatazwa, na akiwa njiani kurudi ukungu wa ajabu unamfunika. Anazinduka akiweza kubadili umbo, na umbo la kwanza analolivaa ni la shujaa anayemhusudu, mwanamke mzungu mwenye nywele za dhahabu, kisha anagundua kwamba halimkai."

Basi. Ukiongeza sentensi ya nne, ya tano, unamkatia uhondo. Invincible, katuni nyingine ya shujaa kijana, ndiyo yenye mtego mkubwa zaidi. Hata ukisema tu "subiri ufike pale, utashangaa", tayari umeshamfundisha asimwamini mtu yeyote ndani ya hadithi.

Hatua ya 4: Mwonyeshe ukurasa mmoja

Fungua ukurasa wowote wa mchoraji Adrian Alphona katika juzuu la kwanza la Ms. Marvel, umwache autazame polepole. Nyuma ya wahusika, kwenye vibao na maboksi, mchoraji kaficha vichekesho ambavyo msomaji wa mbio hawezi kuviona. Asiyezoea katuni husoma viputo vya maneno tu na kuruka picha, halafu analalamika kwamba kitabu kimeisha haraka.

Hatua ya 5: Toa tahadhari mapema

Invincible ina jalada la rangi za kuchangamka, lakini ndani damu inamwagika vibaya sana, na matoleo ni 144. My Hero Academia, katuni ya Kijapani, ina juzuu 42 na husomwa kutoka kulia kwenda kushoto. Usipomwambia, ataanza na mwisho. Katika Ms. Marvel, mwambie kwamba kuanzia toleo la 6 mkono wa mchoraji unabadilika, na kwamba juzuu la 4 na la 6 yanavamiwa na vita kubwa vinavyotoka kwenye katuni nyingine. Asiende kuvitafuta. Asome tu aendelee, kitakachomhusu Kamala kimo humohumo.

Hatua ya 6: Mwambie pa kusimama

Hatua hii niliijifunza mwisho, na ndiyo iliyonisaidia kuliko zote. Juzuu kumi zinatisha. Mbili hazitishi. Juzuu la 1 na la 2 la Ms. Marvel yanabeba kisa kimoja, cha adui anayejiita Inventor, na kinafungwa mwishoni mwa la pili. Nikamwambia yule rafiki yangu aliyenuna: soma hayo mawili, kisha acha ukipenda. Siku chache baadaye aliniandikia ujumbe mfupi akiuliza kama ninalo la tatu, na kwa nini nilikuwa nimemficha.