Prosesa ipi: Ryzen 5 5600 ya AMD au Core i5-12400F ya Intel?

Kwenye gemu usiumize kichwa: zote mbili zina kori 6 na nyuzi (threads) 12, na kadi ya grafiki ya bei ya kawaida itachoka kabla ya prosesa. Angalia mazabodi kwanza. Kama tayari unayo ya AM4 (soketi inayopokea Ryzen hii), hata B450 ya zamani, sasisha BIOS, programu ya msingi ya mazabodi, uchomeke Ryzen. RAM yako ya DDR4 inabaki, na baadaye unaweza kupanda hadi Ryzen 7 5800X3D, yenye nguvu zaidi kwenye gemu. Unaanza upya, na unahariri video? Ongeza kidogo uchukue i5-12400 isiyo na F. Hiyo F maana yake imenyimwa grafiki ya ndani, na Quick Sync, inayoharakisha kutoa (export) video, imo humo humo. (Ryzen 5 5600 nayo haina grafiki ya ndani; bila kadi, skrini ni giza tu.)