Trekta kuukuu la shamba la korosho: lisikilize likiwa baridi, kisha likiwa moto

Mimi ni mwalimu mstaafu, na shamba langu liko upande wa Newala: ekari 12 za mikorosho na kipande cha ufuta bondeni. Trekta ninalotumia sasa ni Massey Ferguson 240 nililolitoa Nachingwea. La kwanza nilipigwa, na nitaeleza lilivyonipiga. Tangu hapo kila mwenye fedha za mnada wa korosho hunisimamisha njiani: "Shikamoo Mwalimu, nami nataka trekta, nianzie wapi?"

Anzia shambani kwako. Mimi nafyeka nyasi chini ya mikorosho kabla korosho hazijaanza kudondoka, napitisha haro, chombo cha kuvunja mabonge ya udongo, juujuu kwenye ufuta, kisha navuta tela la magunia hadi ghala la chama cha msingi cha ushirika. Kwa kazi hizo silinda 3 zinatosha: Massey Ferguson 135 au 240, injini ya Perkins, nguvu kama farasi 45. Udongo wa huku juu ni mchanga, haudai nguvu nyingi. Ukinunua 290 la silinda 4 kwa kuwa jirani analo, utakuwa unanunua dizeli kwa ajili ya heshima tu. Tena mizizi ya mkorosho hutambaa karibu na uso wa ardhi. Plau zito likipita chini ya kivuli linaikata. Tazama na bomba la moshi: likisimama wima juu ya boneti, matawi ya chini yatalivunja wiki ya kwanza. (Nachingwea wenyewe wanajua habari za mashine kubwa. Waingereza walifyeka pori pale kwa ajili ya karanga miaka ya 1940, wakajenga na reli kutoka pwani, na 1951 mradi ukafa.)

Siku ya kwenda kuliona, mwambie muuzaji unafika saa nne, kisha fika saa moja. Weka kiganja kwenye injini. Ikiwa ya moto, kuna mtu amehangaika kuiwasha alfajiri ili wewe usione shida yake. Ikiwa baridi, chomoa stiki ya oili. Oili yenye rangi ya chai ya maziwa imeingiliwa na maji. Oili iliyopita alama na kunuka dizeli, dizeli inavujia ndani. Fungua kifuniko cha rejeta injini ingali baridi, ndipo iwashwe. Mapovu yakitoka mfululizo, gasketi ya silinda hedi imeungua au hedi imepasuka. Moshi mweupe wa dakika za kwanza usikutishe. Wa buluu usiokoma unatokana na oili inayoungua. Halafu fungua pale pa kujazia oili injini ikinguruma: ukiona moshi unasukumwa kama birika linalochemka, ringi za pistoni zimekwisha.

Rangi mpya nyekundu inanitia shaka kuliko kutu. Pitisha kidole mahali injini inapokutana na gia boksi, na kwenye ekseli ya mbele, utafute alama za kuchomelea. Mita ya masaa usiiamini. Tazama pedali zilivyolika.

Sasa ndipo nilipopigwa. Trekta la kwanza nililijaribu dakika kumi uani kwa muuzaji, likanyanyua jembe vizuri kabisa, nikahesabu fedha. Shambani, baada ya saa moja, oili ilipopata moto haidroliki, yaani mfumo wa oili unaonyanyua jembe, ikalegea. Jembe likawa linatikisa kichwa kama mbuzi, linapanda linashuka, na jembe lilelile lililonyanyuka kwa wepesi asubuhi halikunyanyuka tena. Kwa hiyo omba kulima nalo, lipa dizeli mwenyewe, fanya kazi saa nzima. Kisha nyanyua jembe, acha injini ingurume, kaa ulitazame. Likianza kuitikia kichwa, haidroliki inavuja ndani.

Likiwa bado la moto, jaribu klachi. Yenye hatua mbili ukiikanyaga nusu trekta linasimama lakini shafti ya nyuma inayozungusha mashine inaendelea. Ukiikanyaga hadi chini na yenyewe inasimama. Breki jaribu kila pedali peke yake. Baadhi ya 135 zina gia ya nyongeza iitwayo Multi-Power: ikiwa upande wa polepole, injini haizuii trekta mteremkoni. Mwenye kushuka na tela la korosho kutoka Newala anielewe hapo. Mengi ya matrekta haya hayana fremu ya kumlinda dereva likipinduka, basi mtoto asipandishwe kwenye madigadi.

Tairi za nyuma ni ghali. Kagua nyufa, na rimu zilizoliwa kutu.

Nenda na fundi wako, siyo wa muuzaji. Wa kwangu nilimtoa Masasi, nikamlipa nauli na siku yake. Muulize pia kama spea za trekta hilo anazipata Masasi au ataagiza Dar es Salaam. Za 240 hazisumbui kwa kuwa trekta hilo limeundwa pia Pakistani.

Kadi iwe na jina la anayekuuzia, na namba ya chesisi uisome kwenye chuma chenyewe. Ukiambiwa "ni la marehemu baba", dai barua ya msimamizi wa mirathi. Nimeona ndugu watatu wakililia trekta ambalo wa nne ameshalila. Mkataba uandikwe kwa wakili, fedha zipite benki.

Kabla ya kuondoka nalo, mwaga oili ya injini kwenye beseni safi, ichuje kwa kitambaa cheupe, badilisha filta. Chembe zinazong'aa ni beringi zinazolika, na hapo bado uko mlangoni kwa muuzaji, unaweza kuzungumza. Ya langu ilitoka nyeusi tii, bila chembe. Nikamwambia fundi ajaze mpya, awashe, twende.