Gari likitetemeka ukikanyaga breki: fungua uangalie nyuma ya diski kwanza

Unateremka Mazeras kuelekea Mombasa, unakanyaga breki, usukani unaanza kukuchezea mikononi. Fundi wa kwanza utakayemuuliza atasema diski, ile sahani ya chuma inayobanwa na pedi za breki, imepinda, kanunue nyingine. Unanunua, inafungwa, unastarehe kwa muda, kisha mtetemo unarudi vile vile. Huniuma roho nikiona watu wanavyotupa pesa kwa mtindo huu, kwa sababu diski nyingi zinazoitwa zimepinda hazikupinda. Zimelika bila usawa: upande mmoja mnene, mwingine mwembamba. Tofauti ya 0.02 mm tu inaweza kuhisika mguuni. Na kilichofanya ziliwe hivyo bado kipo ndani ya gari, kinaisubiri hiyo mpya.

1. Jua mtetemo unatoka wapi. Tafuta barabara iliyonyooka isiyo na msongamano, kimbia kama 80 km/h bila kugusa breki. Likitetemeka hapo, nenda kwa watu wa balansi ya magurudumu, breki hazihusiki. Likitulia mpaka ukanyage breki, sasa angalia: usukani ukicheza, tatizo mara nyingi ni mbele; kiti na sakafu vikitikisika, shuku nyuma. Breki ya ABS, ile inayozuia magurudumu yasijifunge, kugongagonga mguuni ukifunga ghafla kwenye utelezi ni kazi yake, wala si ugonjwa.

2. Pandisha gari mahali sawa, weka mawe kwenye magurudumu yaliyobaki chini, na uweke stendi. Jeki peke yake isikubebee gari. Toa gurudumu, lakini kabla ya kulitoa lishike ulitikise juu na chini: likicheza, beringi au boljointi imekwisha, na hapo ndipo pa kuanzia.

3. Fungua kalipa, yaani kibanio kinachoshika pedi, uifunge kwa waya, isining'inie kwa paipu yake ya mpira. Diski ikigoma kutoka, usiitwange nyundo. Toyota nyingi zina matundu mawili yenye nyuzi kwenye diski: ingiza boliti za M8, kaza zamu kwa zamu, itajisukuma nje yenyewe.

4. Hapa ndipo penye siri yenyewe. Tazama uso wa habu, yaani kitovu cha gurudumu, pale diski inapokalia. Sisi tunaoishi na hewa ya chumvi, hasa gari linalolala Nyali au Bamburi, tunakuta kutu imejenga magamba kuzunguka boliti. Gamba dogo likibanwa katikati linaiegemeza diski, na ukingoni huo mwegemo unakua zaidi. Diski inayozunguka ikiyumba inaigusa pedi sehemu ile ile kila mzunguko, hata usipokanyaga breki, na ndivyo inavyoliwa kidogo kidogo. Kwa hiyo piga brashi ya waya, kisha msasa, mpaka chuma king'ae na kidole kisikwame popote. Fanya hivyo pia mgongoni mwa diski na kwenye rimu. Funika pua, vumbi la breki si la kuvuta.

5. Rudisha diski, ikaze kwa nati zote ukiweka washa (vile vipete vya chuma vya chini ya nati), kisha weka geji ya mshale, ile ya kupima kuyumba, karibu na ukingo na uizungushe taratibu. Kwa magari mengi madogo kikomo cha kuyumba ni kama 0.05 mm. Ikizidi, hamisha diski tundu moja mbele, upime tena. Mara nyingine hilo pekee linatosha.

6. Pima unene kwa maikromita sehemu nane kuzunguka diski. Kama haijashuka chini ya kipimo cha MIN kilichochorwa juu yake, yaweza kukerezwa, yaani kusawazishwa kwa mashine. Kereza zote mbili za ekseli moja. Itakayobaki chini ya MIN, usiirudishe barabarani.

7. Vuta pini za kalipa, zisafishe, zipake grisi maalumu ya breki. Grisi ya kawaida huvimbisha mpira na pini inakwama tena.

8. Nati za gurudumu zikazwe kwa kuruka, moja na iliyo mkabala nayo, na umalizie kwa toki renchi, spana inayopima nguvu ya kukaza. Toyota nyingi ndogo ni 103 Nm. Ile mashine ya upepo ya mtengeneza tairi, ikikaza moja hadi mwisho ndipo ifuate jirani yake, yaweza kukuharibia kazi yote hii.

9. Pedi mpya zizoeshwe: toka 60 km/h hadi 20, kama mara kumi, bila kusimama kabisa, kisha tembea bila breki zipoe.

MASWALI YA WANACHAMA

Swali: Mwalimu, mimi huvuka feri ya Likoni kila siku. Mtetemo ulianza baada ya safari ya Nairobi. Yahusiana?

Jibu: Yawezekana sana, ndugu yangu. Umeteremka breki zikiwa moto, ukaingia foleni ya feri, mguu juu ya breki kwenye mteremko. Pedi iliyobana diski moto sehemu moja huacha alama yake hapo. Shuka milima kwa gia ndogo. Kwenye foleni ukisimama, ikiwa pana nafasi, sogea inchi chache mara kwa mara.

Swali: Probox yangu, kiti ndicho kinachotikisika.

Jibu: Nyuma kuna dram, yaani ngoma ya breki, badala ya diski. Uwanjani patupu, mwendo mdogo, vuta hendibreki polepole ukishikilia kitufe. Ikitikisika vile vile, dram si duara tena. Yakerezwa, ila isipite kipimo cha MAX kilichoandikwa ndani.

Swali: Asubuhi baada ya mvua breki zanguruma kidogo kisha zatulia. Nifungue?

Jibu: Hapana, dada. Hiyo ni kutu ya usiku mmoja, pedi zinaifuta. Gari likilazwa wiki kadhaa bila kutembea ndipo alama ya pedi huingia ndani ya diski.

Swali: Nimebadilisha bushi (mipira ya viungo vya chini ya gari) zote za mbele, mtetemo ukapungua, haukuisha.

Jibu: Bushi chakavu hukuza mtetemo, mara chache huuzaa. Rudi hatua ya nne.