Riwaya ya Mapambano kwa Bajeti Ndogo: Jinsi ya Kuipiga Filamu Mwanza

Kwenye riwaya, "boti tatu zikatia nanga, wakashuka askari ishirini" ni mstari mmoja usiogharimu kitu. Kwenye filamu ni boti za kukodi, petroli, sare ishirini na chakula cha watu wote hao tangu asubuhi. Ndiyo maana mtunzi anayeongoza filamu ya kitabu chake anaweza kuishiwa fedha kabla ya pambano la mwisho. Punguza gharama ungali mezani na skripti.

Pitia kila sini, yaani kila onyesho, andika pembeni: watu wangapi, vyombo gani, eneo gani. Inayozidi watu sita iandike upya. Askari ishirini wawe wawili gizani, wengine wasikike kwa buti tu. Bakiza pambano moja kubwa, ulitengee siku mbili nzima. Ukurasa wa skripti ni kama dakika moja ya filamu, lakini ukurasa wa ngumi unaweza kumeza siku.

Sini za kukimbizana kwa miguu ndizo rahisi kuliko zote, na vilima vya Igogo na Mabatini, nyumba zilivyobanana na majabali, vinatosha kabisa.

Sini ya ziwani ipige asubuhi mapema. Mchana upepo hupanda, mtumbwi hauishi kuyumba na maikrofoni hujaa kelele. Ufunge mtumbwi karibu na ufukwe, kamera iwe chini usawa wa maji, nchi kavu isionekane. Wawili wautikise, mmoja arushe maji kwa ndoo: mtazamaji ataona mwendo. Waigizaji wavae jaketi okozi ndani ya makoti. Hapo usibane matumizi hata kidogo.

Ngumi ipite kama sentimita 30 mbele ya uso, kamera ikiwa nyuma ya bega la anayepigwa. Lenzi ya milimita 85 hulifuta pengo. Ukisimama ubavuni linaonekana wazi na pambano limekufa. Anayepigwa ageuze kichwa ngumi inapokatiza, si kabla. Kishindo kirekodi baadaye: kabichi na rungu vinatosha. Kila eneo, rekodi pia dakika moja ya utulivu wake, uitandike chini ya vipande wakati wa kuhariri. Bila hiyo sauti hukatikakatika.

Kibali cha Bodi ya Filamu kitangulie. Kama kuna bunduki za bandia, polisi na mwenyekiti wa mtaa wapewe taarifa kwa maandishi, na nakala iliyogongwa muhuri ibaki na muongozaji siku ya kupiga picha.